Petroli Tupu

Gaudensia alikuwa mwanamke wa kuogopwa sokoni na kupendwa kanisani, na mtaa mzima wa Buhare hakuna ambaye angemdhania kwamba anaweza kuua kitu cha mume wake. Lakini aliua. Aliua injini ya pikipiki ambayo aliiona ikifufuliwa uani kwake kidogo kidogo, tangu mvua za masika mpaka mahindi yakakauka shambani, na aliiua akiwa na akili zake timamu, khanga imekazwa kiunoni. Ukimuuliza leo kwa nini, atakwambia ni mapenzi. Haya, mapenzi tuyaweke pembeni kwanza, tutayarudia.

Mume wake anaitwa Burito, mtu wa Butiama, fundi wa injini tangu ujana. Alikuwa akitengeneza injini za mitumbwi pale mwaloni Musoma, wavuvi wanakoshusha samaki, na huko ndiko alikompata Gaudensia, binti wa mvuvi wa Majita mwenye injini moja mbovu na mabinti wengi. Watu walitania kwamba ile injini Burito aliitengeneza vibaya makusudi, apate sababu ya kurudi. Mwenyewe hakukataa wala hakukubali, alikuwa anachekaga tu.

Mwaka jana kiharusi kikampiga asubuhi akifunga kamba za viatu. Mungu si Athumani, alipona, ila mguu ukabaki mzito kidogo na vidole vya mkono wa kushoto vikawa kama vya mtu aliyetoka kushika barafu. Hospitali wakamwambia apumzike. Sasa wewe mwambie fundi apumzike, uone. Alikaa kibarazani akiangalia kuku mpaka kuku wenyewe wakamchoka, halafu siku moja Gaudensia akasikia vitu vinaburuzwa stoo. Alipotoka akamkuta Burito ameitoa nje ile Jawa.

Hiyo Jawa ni pikipiki ya zamani yenye tenki jekundu, ya zile ambazo petroli yake lazima uichanganye na oili kabla ya kuitia. Burito aliipata kwa padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Iliwapeleka Butiama Krismasi nyingi, Burito mbele, Gaudensia nyuma, na binti yao Debora amebanwa katikati kama andazi. Kisha ikachoka, ikaingizwa stoo, ikafunikwa magunia, pistoni ikashikana na silinda kwa kutu. Debora alikua, akaolewa Bunda, nayo imo mle mle.

Kuifungua tu ilikuwa kazi. Burito alijaza mafuta ya taa kwenye silinda akayaacha yalale humo, akagonga kwa kipande cha mbao, akaacha, akagonga tena. Alikataa kusaidiwa. Kila kipande alikiosha kwenye sufuria ya Gaudensia, sufuria nzuri ya kupikia wali ambayo haikurudi tena jikoni, akavipanga juu ya gunia kwa utaratibu wake ambao hata kuku walikatazwa kuuvuruga. Silinda ilikwenda Iringo kwa Mwikwabe, rafiki yake mwenye mashine ya kuchonga vyuma, akaipanua ndani ikang'aa. Pistoni mpya Debora aliihangaikia huko huko Bunda hadi akaipata kwa mzee mmoja aliyekuwa akiitumia kuzuilia mlango.

Iliyowatesa zaidi ni ringi. Ringi za pistoni unazibana kwa vidole huku unaingiza silinda taratibu, na vidole vya kushoto vya Burito havikutaka. Vilikuwa vinateleza. Moja ikavunjika, na siku hiyo hakula. Kesho yake alikata ukanda wa bati la kopo la maziwa, akauzungusha kwenye ringi, akabana, akashusha silinda huku jasho linamtiririka, na ikaingia. Akamwita mkewe aje aone. Gaudensia alikuja na unga mikononi, na hakuangalia silinda, aliangalia kile kidole gumba cha kushoto kilichokuwa kimebana bati na hakitetemeki. Alifurahi mpaka akageuka asionekane machozi.

Shida ilianza pale Burito aliposema kwamba Jumapili ataipanda mwenyewe mpaka Butiama.

Gaudensia alisema yote ambayo mke anasema. Alimpigia Debora, na Debora akamsihi baba yake kwenye simu. Alimwendea Mwikwabe, na Mwikwabe akaja akakuna kichwa akasema mzee, mwili bado haujakaa sawa. Katekista alipita, akaongea kwa mafumbo ya kanisani. Kote huko ni kutwanga maji kwenye kinu. Burito alimsikiliza kila mmoja kwa heshima, halafu jioni akamwambia mkewe, "Mkono wangu umeponea kwenye hii injini, Mama Debora. Sasa unataka niuponye halafu niukalie?"

Na hapo ndipo Gaudensia alipokumbuka alichokuwa anakijua tangu utoto.

Binti wa mvuvi anajua kuchanganya mafuta kabla hajajua kusonga ugali. Kwao, baba yake aliwafundisha kupima oili kwa kifuniko, na akawaambia kwamba injini ya namna ile ikinywa petroli tupu inakufa. Kaka yake Gasper aliwahi kusahau, akarudi nyumbani kwa kupiga kasia na akapokelewa kwa fimbo. Kwa hiyo hesabu yake Gaudensia ilikuwa nyepesi. Burito ataitia petroli tupu, ataipiga kiki hapa uani, itanguruma kidogo na kufa, miguu yake yote miwili ikiwa chini. Atakasirika, atalaani pistoni, kisha atarudi kwenye gunia lake aanze upya, na huo muda wote mkono utazidi kupata nguvu. Kichwani mwake ilikaribia kuwa zawadi. Hivyo ndivyo mtu anavyojidanganya akishaamua.

Jumamosi Burito alichanganya mafuta yake kwenye dumu la njano, akapima oili kutoka kwenye galoni kubwa, akafunga, akaweka stoo. Burito alipokwenda kuoga, Gasper alikuwa amepita kuleta sato, na dada yake akammiminia mafuta yote kwenye dumu lake, akamwambia wao yamewazidi, na kwamba yameshachanganywa tayari. Gasper akashukuru. Gaudensia akalichukua lile dumu tupu mpaka sheli, akalijaza petroli, akalirudisha pale pale lilipokuwa. Alifika nyumbani Burito bado anajipaka mafuta.

Kitu ambacho hakukijua ni kwamba fundi akifunga injini anapaka oili kila mahali, huko ndani kote, kwenye beringi, kwenye ringi, kwenye kuta za silinda. Oili hiyo ya kupakwa inaweza kuibeba injini kitambo.

Jumapili baada ya misa Burito akapiga kiki. Jawa iliwaka. Na si kuwaka tu, ilikuwa na sauti tamu, ile tutu-tutu ya zamani, mpaka majirani wakatoka. Gaudensia alisimama mlangoni akisubiri ife. Haikufa. Burito akazunguka uani mara moja, akacheka, akafungua geti mwenyewe. Hapo Gaudensia alikuwa na nafasi. Angeweza kukimbia akashika usukani, angeweza kusema maneno matatu tu. Lakini majirani walikuwa wanapiga makofi, na mumewe alikuwa na uso ambao alikuwa hajauona tangu kiharusi, basi mdomo ukawa mzito. Alisema tu "Baba Debora, subiri," kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuisikia vizuri. Burito akampungia mkono wa kushoto akaondoka.

Gaudensia alikaa kwenye ngazi ya mlango akawaomba watakatifu wote anaowajua, akawaomba kitu cha ajabu, kwamba wamwangushe pahali laini.

Injini ilimfikisha Makutano. Aliposhika barabara ya Butiama, kwenye mwinuko, ikakaza ghafla, gurudumu la nyuma likafunga, na Burito akaruka kwenye majani. Alichubuka kiwiko, suruali ikachanika, basi. Walimleta kwa pikapu, Jawa imelazwa nyuma. Gaudensia alilia kupita kiasi cha mtu ambaye mume wake amerudi mzima, hadi majirani ndio wakawa wanambembeleza yeye, na kila neno lao zuri lilikuwa linamchoma. Alitaka kusema siku ile ile, ila nyumba ilijaa watu. Kesho yake Burito alikuwa na maumivu. Kesho kutwa, unajua tena, kulikuwa na kufua.

Alipopata nafuu Burito akaifungua injini. Gaudensia alikuwa anamletea chai. Akamkuta ameshika pistoni, imekwaruzwa pande zote, na amechovya kidole kwenye petroli iliyobaki tenkini anakisugua na kingine, anasugua tena. Petroli yenye oili inateleza vidoleni. Hii ilikuwa inakauka tu.

"Sikutia oili," alisema.

"Labda," alianza Gaudensia.

"Hakuna labda. Ninajiona kabisa ninapima, ninafunika, ninaweka stoo. Ninaona kama ninavyokuona wewe. Kumbe sikufanya." Aliiweka pistoni chini. "Mkono haukunishinda, Mama Debora. Kimenishinda kichwa."

Pale, kikombe mkononi, ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Gaudensia anapajua mpaka leo, anaweza kukuonyesha ni kwenye tofali lipi alisimama. Alisema tu kwamba chai itapoa. Akaiweka chini, akaingia ndani, akajifungia chumbani akauma mto.

Kuanzia hapo mtu yule alianza kuzimika. Hakulaumu pistoni wala Mwikwabe, hakuanza upya kama mkewe alivyopiga hesabu. Alianza kumuuliza vitu. Nimeshakunywa dawa? Leo nimesali? Huyu aliyepita nimemsalimia? Kila alilofanya alilirudia kuangalia kama amelifanya. Hata hivyo miwani yake ikakutwa kwenye kiota cha kuku, na siku nyingine jiko la gesi likakutwa linawaka peke yake. Somo la Jumapili alilokuwa akisoma kanisani akawaachia wengine, akisema ataruka mstari watu wamcheke. Gaudensia alimjibu kila swali kwa upole, na kadiri alivyokuwa mpole ndivyo roho ilivyozidi kumsuta. Alikuwa amemzuia mume wake asivunjike mguu, akamvunja mahali ambapo hapafungwi bandeji.

Halafu Burito akatangaza kwamba wanahama. Alishaongea na Debora. Watakwenda Bunda kukaa naye, nyumba ya Buhare ifungwe, maana mtu ambaye hajui alichokifanya jana haachwi na mke wake peke yake, atakuja kumuunguza ndani. Spana zake zote na mashine ndogo ndogo alishamwambia Mwikwabe aje azichukue zimsaidie. Mwikwabe alibisha, akazidiwa. Atakuja mchana wa kesho.

Kesho hiyo asubuhi Gaudensia alimkuta uani, ametandika lile gunia, amepanga vyombo vyake vyote vya kazi juu yake, anavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Kaa hapa," Burito akamwambia. "Niulize. Shika kimoja, niulize kinaitwaje na kinafanya kazi gani. Nataka nijue bado vipo vingapi kichwani kabla havijaondoka."

Gaudensia alikaa kwenye kigoda. Akashika koleo, Burito akataja. Akashika kifaa cha kung'olea beringi, akataja. Akashika kipima-uwazi cha plagi, kile chenye vibati vyembamba, na Burito akakitazama. Akafungua mdomo. Akafunga. Alikuwa anakijua, kilikuwa mkononi mwake tangu kabla Debora hajazaliwa, lakini woga ulikuwa umemkaba, na macho yake yakawa ya mtu anayezama huku watu wako ufukweni. Gaudensia hakustahimili tena.

"Oili ulitia," alisema. "Ulichanganya vizuri kabisa. Mafuta niliyabadilisha mimi."

Burito akafanya jambo ambalo Gaudensia hakulitegemea. Alitabasamu. Akamshika goti akamwambia asante, kwamba anajua anampenda, lakini asijibebeshe uongo kwa ajili yake, mtu mzima akipungukiwa apewe haki yake ya kupungukiwa. Gaudensia akaapa kwa Mama Maria. Burito akatikisa kichwa, akaendelea kufuta spana. Yaani alitubu dhambi yake na dhambi ikamkataa.

Basi akatoa simu kwenye mkunjo wa khanga, akampigia Gasper, akaweka sauti ya nje.

"Gasper, yale mafuta niliyokupa siku ile ulipoleta sato, yalikuwaje?"

"Yalikuwaje vipi, dada? Yalikuwa yameshachanganywa, kama ulivyosema. Niliyatia kwenye injini nikaenda nayo ziwani. Kwani shemeji alikuwa anayahitaji?"

Gaudensia alikata simu. Akaeleza yote bila kuruka kitu, sheli, dumu, petroli, na yale maneno aliyoyasema kwa sauti ya chini mlangoni. Burito alikuwa ameacha kufuta.

"Nilitaka ife hapa uani," Gaudensia alimalizia. "Nilitaka usiende."

"Ningekufa."

"Najua. Kule barabarani ungekufa, na aliyekuua ningekuwa mimi."

"Sisemei barabarani," Burito akasema. "Nasemea hapa, kwenye kiti hiki. Nilikuwa ninakufa hapa kila siku, na wewe unaniletea chai."

Gaudensia aliinamisha kichwa akangoja kupigwa au kufukuzwa, ingawa Burito hajawahi kumpiga. Lakini Burito alikuwa anafikiri, na taratibu kitu kikaanza kurudi usoni mwake, kama mtu anayepapasa gizani akagusa ukuta anaoujua.

"Na miwani?" aliuliza. "Ile tuliyoikuta kwenye kiota cha kuku. Ilikuwa wewe pia?"

Gaudensia alinyanyua uso. Miwani aliiweka Burito mwenyewe alipokwenda kuokota mayai, yeye alimwona kwa macho yake kupitia dirisha la jikoni, na hakusema kitu kwa kumwonea huruma. Alikuwa ametoka kuapa kwa Mama Maria sasa hivi. Alikuwa ametua mzigo, bado mabega hayajapoa. Na mume wake alikuwa amemkodolea macho yaliyojaa matumaini, anasubiri.

"Ni mimi," alisema.

"Na jiko la gesi lililokutwa linawaka?"

Hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Ni mimi."

Burito alisimama. Alisimama bila kushika kitu, akaanza kufoka, na ile sauti ilikuwa ya fundi wa mwaloni, iliyokuwa ikisikika toka mtumbwi mpaka mtumbwi. Alimwita mchawi asiye na tunguri. Akasema ameishi na nyoka kitanda kimoja, kwamba alitaka kumfanya mwendawazimu ili amweke kabatini. Majirani wakachungulia juu ya ukuta. Mwikwabe alipofika aliambiwa arudi Iringo mikono mitupu, na asimwamini mwanamke yeyote wa kutoka ziwani. Debora aliambiwa kwenye simu asitandike kitanda chochote. Gaudensia alikaa kwenye kigoda chake akayapokea yote, na katikati ya aibu yake alikuwa anajisikia kucheka na kulia, maana tangu ile Jumapili hakuwahi kumsikia akimaliza sentensi bila kumuuliza kama ni kweli.

Habari ilizunguka. Kwenye jumuiya ya kanisa wanawake walianza kusogeza viti mbali naye, na wazee waliwaita wote wawili wakamkalisha Gaudensia wakamuuliza ni shetani gani amemwingia. Debora hakuzungumza naye mpaka mvua za vuli zikaanza. Gaudensia alisema ndiyo kwa kila kitu, la kweli na lisilo kweli, na hakuna aliyeweza kutofautisha. Burito alirudi kusoma somo kanisani. Chakula cha mkewe alikula, lakini alikula peke yake, kibarazani, mgongo umeelekea nyumba. Silinda ilirudi tena kwa Mwikwabe.

Usiku Gaudensia hakuwa na wa kumwambia. Ile dhambi aliyoifanya walikuwa wameshaisema mpaka ikachuja. Hizi nyingine mbili alizojisingizia, miwani na jiko, ndizo zilizomkalia kooni, kwa sababu alijua kwamba jiko lile litaachwa likiwaka tena, na mwenye kuliacha atakuwa anajiamini. Akajizoeza kulikagua kabla ya kulala, na kabla ya kwenda sokoni, na akirudi.

Siku Burito alipokuwa anafunga ringi mpya, ukanda wa bati umeshazungushwa tayari, alinyoosha mkono kwenye gunia na spana namba kumi haikuwepo. Gaudensia alimsikia akipekua, akavuruga vyombo vyote, akanyamaza. Ule ukimya aliufahamu. Alikwenda jikoni kutafuta unga wa uji, akafunua ndoo, na spana ilikuwa imelala humo juu ya unga. Ukingoni mwa ndoo kulikuwa na alama za vidole vinne vya grisi, vipana, vya mkono wa kushoto.

"Gaudensia," Burito aliita kutoka uani. Sauti yake ilikuwa imeanza kupungua. "Spana yangu. Umeificha tena?"

Alifuta grisi kwa pindo la khanga mpaka ndoo ikatakata. Akatoka nayo ile spana, unga bado umeishika, akamwekea mkononi.

"Ndiyo, Baba Debora," alisema. "Nisamehe."